Majina Nyuma ya Picha

Kigoma jua huchelewa. Saa za Kigoma na za Dar es Salaam zinasoma sawasawa, kwa kuwa nchi nzima inafuata majira ya longitudo ya 45, nasi tuko huku magharibi, kati ya ile ya 29 na ya 30, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Jua likishawafikia watu wa Dar, sisi husubiri dakika 40 hivi ndipo lije kwetu. Miezi mingi ya mwaka hutokeza karibu saa moja asubuhi, na jioni huzama saa moja ikiwa imetimia au imepita kidogo. Katikati ya mchana wetu ni saa saba. Mgeni anayekuja na mazoea ya pwani, akaamka kuwahi mwanga wa kwanza kwa saa ya kwao, atasimama ufukweni gizani kwa muda mrefu.

Nimeanza na jua kwa sababu kazi yangu yote inaanzia hapo. Riziki naitafuta kwenye harusi, mahafali na picha za pasipoti, kama wapiga picha wengi wa miji ya mikoani. Lakini nina kazi nyingine ambayo hakuna aliyenituma: napiga picha za watu wa Kibirizi, ufukwe ulio kaskazini kidogo ya mji, wakiwa katika shughuli zao za kila siku. Wanapokea dagaa, wanaanika, wanashona nyavu, wanachota maji, wanalumbana bei, wanaogesha watoto. Nimeifanya tangu enzi za filamu hadi sasa nina kamera ya dijitali, na kila nilichoelewa kuhusu upigaji picha nimekielewa pale, kwenye mchanga ule ule.

Wageni wengi wenye kamera nzuri hupita Kibirizi. Mitumbwi ya kwenda Gombe huondokea pale. Gombe inajulikana dunia nzima tangu Jane Goodall alipofika mwaka 1960 kuchunguza sokwe, na sehemu ya umaarufu huo ilitokana na picha na filamu za Hugo van Lawick aliyemfuata mwaka 1962. Basi wageni hukaa juu ya mabegi yao wakisubiri mtumbwi ujae, macho yakiwa kaskazini kwenye milima ya sokwe, na nyuma yao akina mama wanamwaga dagaa wabichi mchangani kwa mwanga ambao ningetembea siku nzima kuufuata kama usingekuwa karibu na nyumbani. Sina neno na sokwe. Ila daima nimetamani mmoja wa wageni wale ageuze shingo.

Mwanga wa Kibirizi una hatua zake. Mashariki kuna vilima, kwa hiyo jua likishatoka, ufukwe hubaki kivulini kwa muda. Wakati huo mwanga unatoka angani na kwenye maji, hauna upande, hauna kivuli. Uso wa mtu huonekana wote: mikunjo ya jicho, jasho juu ya mdomo, alama ya ndui ya zamani. Ndio wakati mitumbwi inaporudi kutoka kuvua usiku kucha, na wavuvi wakiwa wamechoka kiasi cha kutojali kamera. Kisha jua linapanda mgongo wa kilima, na mara moja kila kitu kinapata upande wa nuru na upande wa giza. Maji yaliyo kwenye ndoo yanawaka. Dagaa walioanikwa wanageuka fedha. Muda huo mzuri ni mfupi sana, maana karibu na ikweta jua hupanda na kushuka karibu wima. Jioni, likishazama nyuma ya milima ya Kongo, kuna dakika kama 20 tu kabla giza halijafunga. Watu wa Ulaya kaskazini wakati wa kiangazi chao hupewa zaidi ya mara mbili ya hizo. Vitabu vyao vya kufundisha vinakushauri utembee taratibu jioni ukitafuta picha. Ukifanya hivyo Kigoma, usiku utakukuta njiani.

Ndiyo maana nilijifunza kuchagua mahali kwanza. Naamua mapema: leo nakaa penye ngazi za mnadani, au leo nakaa kwenye mtumbwi ule mbovu uliopinduliwa. Nakaa. Mwanga unakuja, watu wanapita ndani yake, na mimi nipo. Siku nyingine hakuna kinachotokea, narudi nyumbani na dagaa wa kitoweo.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyekuwa na studio eneo la Mwanga, hapa Kigoma mjini. Chumba cha mbele kilikuwa na kiti, pazia lililochorwa bustani na ndege iliyo angani, na mwavuli wa kutawanyia mwanga wa flashi. Chumba cha nyuma hakikuwa na dirisha, humo alisafisha filamu nyeusi na nyeupe mwenyewe. Za rangi zilisafiri kwa treni hadi Dar es Salaam, kwenye reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, zikarudi baada ya majuma. Mteja aliyepigwa Idi ndogo angeweza kuipata picha yake karibu na Idi kubwa. Filamu moja ilikuwa na picha 36, na kila moja ilikuwa pesa. Mjomba hakufyatua ovyo. Alimweka mtu kitini, akamtazama, akazungumza naye habari za nyumbani, kisha akafyatua mara moja. Baadaye nilisoma kwamba Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, naye alikuwa na desturi ya kumpiga mteja picha moja tu, akitumia mwanga wa jua uani kwake. Nilifurahi kana kwamba nimesikia habari za ndugu.

"Mjomba," aliniambia siku aliponikabidhi kamera kwa mara ya kwanza, "usianze na mtu. Anza na kivuli chake kimeangukia wapi." Alinitoa nje ya studio tukasimama barabarani tukitazama vivuli vya wapita njia mpaka nikachoka. Asubuhi kivuli kirefu kinaelekea ziwani, jioni kinaelekea milimani, mchana kinajikunja miguuni. Mapema Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua linapita utosini kabisa: nguzo ya umeme saa saba mchana inakaribia kukosa kivuli, na macho ya watu yanageuka mashimo meusi chini ya paji la uso. Wakati huo mjomba hakumpiga mtu juani hata kwa fedha. Alimpeleka chini ya mwembe. Ujiji na Kigoma hazina upungufu wa miembe, na chini ya mwembe ulio karibu na mchanga mweupe kuna jambo ambalo studio za mjini hununua vifaa kulipata: mwanga unagonga mchanga, unapanda juu, unajaza uso kutoka chini kwa upole.

Hesabu alizijua kichwani. Jua kali, filamu ya namba 100, tundu la lenzi weka 16, kasi weka sehemu moja ya 125 ya sekunde. Kivuli cha wazi, fungua tundu hatua tatu. Hiyo ni kanuni ya zamani ambayo wapiga picha wa nchi nyingi wanaijua, na kwetu, siku isiyo na wingu, haijawahi kunidanganya.

Kinachodanganya ni kipima mwanga kilicho ndani ya kamera. Kimetengenezwa kikichukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni cha kijivu. Kielekeze kwenye dagaa walioanikwa nao wanameta, kitaona mwanga umezidi, kitaubana, na uso wa mama aliyeinama juu yao utapotea. Picha itakuwa na samaki safi na mwanamke asiye na sura. Nimeona picha nyingi za namna hiyo kuhusu Afrika, magazetini na vitabuni, na kila nikiiona najua kwamba mpiga picha alikiachia chombo kiamue nani aonekane. Filamu zenyewe zilikuwa na historia hiyo. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak iliwapelekea wenye maabara kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ili wasawazishe rangi mpaka ngozi yake itoke vizuri. Kadi hiyo ikaitwa Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa, na hata walipobadilishwa wanawake jina likabaki. Ngozi zetu zikawa zinatoka vyovyote zitakavyotoka. Mjomba alikuwa na dawa yake: alipima mwanga kwenye mgongo wa mkono wake mwenyewe, akiuweka pale pale ulipo uso wa mteja. Nami nafanya hivyo hadi leo. Kabla sijampiga mtu picha Kibirizi naunyoosha mkono wangu kwenye mwanga wake, na watu wamezoea, watoto wananiiga.

Mwaka una majira yake ya mwanga, na haya hayakuandikwa popote nilipopata kusoma. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua hakuna, mbuga na mashamba yanachomwa moto, na hewa inajaa moshi na vumbi. Milima ya Kongo, ng'ambo ya maji, inatoweka kana kwamba ziwa halina mwisho. Jua la jioni linakuwa duara jekundu unaloweza kulitazama kwa macho, na vivuli vinalainika. Ni majira mazuri ya nyuso. Kisha mvua za kwanza zinanyesha, hewa inaoshwa, na asubuhi moja unaamka unaiona Kongo yote, kila korongo la mlima, kwenye ziwa ambalo upana wake ni kilomita kama 50. Mwanga huo ni mkali, unakata kila kitu kwa makali. Ni majira ya kupiga mambo ya mbali na rangi: vitenge, mitumbwi iliyopakwa rangi mpya, mawingu. Ukijua hivyo, huwezi kulalamika kwamba hakuna mwanga. Kila mwezi una kazi yake.

Kisha kuna mwanga wa usiku. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa. Mtumbwi unaondoka magharibi inapoingia, taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanazifuata kutoka kilindini, na wavu unainuliwa chini yao. Siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, kwa kuwa mwezi unawasha ziwa zima na taa inakosa nguvu ya kuwavuta samaki. Nikiwa kijana taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Nilipanda kilimani na kamera kwenye mguu wake, nikaacha lenzi wazi kwa nusu dakika, na kwenye filamu kila karabai ikachora mstari wake wa manjano uliopindapinda, kwa sababu mtumbwi hautulii. Ukizitazama kwa makini, picha hizo zinakuonyesha mawimbi yalikuwaje usiku ule: mistari mifupi ni shwari, mistari iliyochafuka ni upepo. Miaka ilivyokwenda rangi ikabadilika. Katika makasha yangu unaona manjano yakipungua na weupe wenye ubuluu ukiingia, taa moja moja kwanza, halafu nyingi, kadiri wavuvi walivyohamia kwenye taa za betri na za sola. Sikukusudia kurekodi mabadiliko hayo. Nilikuwa napenda tu kupanda kilima kile.

Na mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ziwa lilifungwa ili samaki wazaliane. Kwa miezi mitatu hakukuwa na mvuvi wa dagaa ziwani. Niliendelea kupanda. Nikapiga giza, nusu dakika ile ile, kutoka jiwe lile lile, na picha zikatoka nyeusi zikiwa na mstari hafifu tu unaotenganisha milima na anga. Watu wengine waliona ni picha tupu. Mzee mmoja mvuvi alipoziona alizishika kwa muda mrefu, akasema, "Hii ndiyo njaa yetu, na hii ndiyo akiba yetu." Bila zile za karabai na zile za taa za sola pembeni yake, asingeona kitu. Picha ya jambo la kawaida hupata uzito ikiwa na ndugu zake: mahali pale pale, tena na tena, mpaka tofauti ndogo zianze kuongea.

Nami sikuzote nimeamini kwamba mji wetu unahitaji picha za namna hiyo kuliko miji mingine, kwa sababu dunia imeuona wakati wa majanga tu. Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walifurika kijiji cha Kagunga, mpakani kabisa, na meli ya MV Liemba ikawa inawaleta mjini. Meli hiyo ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, ikarudi kazini mwaka 1927, na karibu karne moja baadaye ikabeba wakimbizi. Kipindupindu kilizuka. Wapiga picha walikuja kutoka kila upande, na kazi waliyoifanya ilihitajika: bila picha zile msaada ungechelewa. Lakini walikuwa na siku chache, na mwenye siku chache hupiga umati.

Mimi sikuwa na pa kwenda. Nilikaa na watu waliokuwa wakisubiri kupelekwa kambini, na nikapiga yale ambayo nimeyapiga maisha yangu yote. Msichana akimsuka mdogo wake, mwanga wa saa kumi na moja ukipita kati ya vidole. Kijana akinyoa ndevu kwa kipande cha kioo kilichoegeshwa juu ya begi. Mama akikunja kanga mara nne, kwa unadhifu wa mtu aliye chumbani kwake. Niliwauliza majina yao, wakanitajia, nikayaandika. Baada ya miezi, mtu niliyemjua alikuwa akienda kambini Nyarugusu mara kwa mara, nikampa bahasha ya picha zenye majina. Nyingi zilifika. Yule msichana aliagiza salamu: aliniomba nyingine, ya kumtumia shangazi yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini majina yalikuwa yakinisumbua tangu zamani. Kuna picha mashuhuri sana katika historia ya upigaji picha, iliyopigwa karibu mwaka 1930 na Martin Munkácsi, Mhungaria aliyekuwa akifanya kazi na magazeti ya Berlin. Wavulana watatu weusi, wakiwa uchi, wameipa kamera mgongo wanakimbilia mawimbi. Miili yao ni maumbo meusi mbele ya povu jeupe. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa ambaye wengi wanamwona baba wa picha za mitaani, aliiona akiwa kijana na alisema maisha yake yote kwamba hiyo ndiyo iliyomwasha. Picha hiyo imejulikana dunia nzima kwa jina la wavulana wa Ziwa Tanganyika.

Ziwa letu. Nilipoiona mara ya kwanza, kitabuni, niliitazama kama mtu anayetafuta ndugu. Nilianza na mwanga, kama nilivyofundishwa. Jua liko mbele yao, ndiyo maana wametoka weusi. Kama wako upande wetu wa ziwa basi wanaelekea magharibi, na huo ni mwanga wa alasiri. Kama ni upande wa Kongo, ni asubuhi. Baadaye nikasoma kwamba Munkácsi alisafiri hadi Liberia katika miaka hiyo, na wapo wanaosema picha ilipigwa huko, kwenye bahari ya Atlantiki. Povu lile kwa kweli linafanana zaidi na la bahari kuliko la ziwa, ingawa nimeliona Tanganyika likichafuka vya kutosha. Siwezi kukata shauri. Kinachonigusa ni kwamba picha imebadilisha mkondo wa sanaa nzima, imechapwa vitabuni na kutundikwa kwenye kuta za makumbusho, na bado mtu anaweza kubishana ni ya nchi gani, kwa kuwa hakuna anayeweza kutaja jina la hata mmoja wa watoto wale. Mmoja wao kama angekuwa na jina, tungejua ziwa au bahari. Tungejua kama alikua, kama aliwahi kuiona.

Na hilo halikuwapata waliopigwa peke yao. Mwaka 1991 picha za Seydou Keïta zilionyeshwa New York kwenye maonyesho ya sanaa ya Afrika, zikiwa zimeandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Alikuwa hai Bamako wakati huo huo. Wakamtafuta, wakampata, na miaka yake ya mwisho akapata heshima aliyostahili. Ilihitaji tu mtu wa kuuliza.

Kwa hiyo picha yangu siihesabu kuwa imekamilika mpaka mambo mawili yafanyike. La kwanza, jina liandikwe nyuma yake, kwa penseli, pamoja na mahali, mwezi na saa. Naandika saa kwa sababu ya mwanga. Naandika jina kwa sababu ya mtu. La pili, mwenyewe aipate mkononi, imechapwa kwenye karatasi. Simu zimerahisisha mengi, na simdharau mtu anayetumia simu: vijana wa Kibirizi wanapiga picha nzuri kwa simu, wengine wana jicho kunizidi. Lakini simu huibwa, huanguka majini, hujaa ikafutwa. Karatasi huwekwa ndani ya Kurani au Biblia, au chini ya godoro, au ikabandikwa ukutani jikoni ikapata moshi, nayo ikaendelea kuishi. Nimeingia nyumba ya msiba nikakuta picha niliyoipiga ya marehemu akipepeta dagaa imewekwa mezani, hawakuwa na nyingine ya utu uzima wake. Katika picha za harusi alizokuwamo alikuwa nyuma ya watu. Hii alikuwa peke yake, kazini, mwanga umemkalia vizuri.

Gharama ni yangu. Harusi moja hulipia karatasi nyingi. Wenzangu wa kazi wameniuliza faida yake ni nini, nami huwajibu kwamba inanirudishia ruhusa. Kibirizi hakuna anayeninyooshea kidole akiniuliza nakwenda kuziuza wapi, kwa sababu kila nyumba inajua zinakokwenda. Na mtu asiyekushuku hakuwekei pozi. Anaendelea na kazi yake, mwanga unampata alivyo.

Makasha ya negativu za zamani yalikuwa na watu ambao majina yao mjomba hakuyaandika, maana wateja wake walijitambua wenyewe wakija na risiti. Alipofariki niliyarithi. Nikachapa kadhaa, pamoja na zangu za miaka ya mwanzo, nikazitundika kwa vibanio kwenye kamba chini ya paa la banda la vichanja, kila moja ikiwa na ukanda mweupe chini na penseli inayoning'inia kwa uzi. Nilitangaza kwamba anayemjua mtu amwandike.

Banda lilijaa kuliko siku ya mnada. Watu walikuwa wakichekeana nywele na suruali za zamani. Mvulana aliyepigwa amekaa juu ya ndoo alidaiwa na koo mbili, na ubishi ulikwisha pale bibi mmoja alipoonyesha kovu la goti. Jina moja nililokuwa nimeliandika mimi lilikatwa na mikono mitatu tofauti, na juu yake likaandikwa sahihi, la dada yake. Wanaume wawili walisimama mbele ya picha ya mtumbwi wakitaja wote waliokuwamo, na nani alizama mwaka gani, nami nikiandika mbiombio.

Bibi yule aliyeonyesha kovu alijiona kwenye picha ya asubuhi moja, ameshika ungo, nguo za kazi, magamba mpaka kwenye viwiko. Niliona ni picha njema kuliko zote zilizokuwa kwenye kamba.

"Shikamoo bibi. Hii ni yako, nimekuchapia."

"Marahaba mwanangu. Nimeiona, na ungo ni wangu kweli." Aliigeuza, akasoma jina lake nyuma, akatikisa kichwa kukubali. "Sasa nataka nyingine, nikiwa nimevaa. Lakini si sasa hivi, jua hili linanikunja uso. Njoo saa kumi na moja. Utasimama pale penye mtumbwi, mimi nitatazama ziwa."

Nilipofika, mwanga ulikuwa umeshuka pale pale alipopasema. Alikuja na kitenge kipya na kilemba chake, amemshika mjukuu mkono. Nikanyoosha mkono wangu kupima. Akaniambia niteremshe kamera kwanza, nitoe kalamu. Akanitajia jina lake kamili, la baba yake na la babu yake, kisha la mtoto, akasimama akinitazama mpaka alipoona yameandikwa yote.